Mirija Miwili, Kibuyu Kimoja

Mwaka vita vilipofika kwetu nilikuwa na miaka minane, na shule yangu ikaishia hapo. Leo, hapa ugenini, mtaa wa La Rochelle, spaza, duka dogo la chini yangu, imemwaga ndizi zilizooza, na harufu imepanda hadi kwenye cherehani yangu. Ni harufu ya kasiksi, pombe ya ndizi ya babu.

Babu alikuwa mwami wetu, chifu wa kijiji. Kwetu, watu wakinywa pamoja kibuyu kimoja, hawamwagiani damu tena. Waasi walipokuja alikunywa nao, wakapita bila kugusa hata kuku. Askari wa serikali walipofika, akawawekea kibuyu na mirija miwili.

Nyanya akamnong'oneza, "Mwami, hawa si watu wa kibuyu. Tukimbie."

"Nyamaza, mama. Nani hana kiu?"

Kamanda akainama, akanusa. "Mzee, na wale ulikunywa nao?"

"Ndiyo! Wale nimeshawafunga kwa kibuyu. Sasa nawafunga na nyie, vita visipite tena hapa." Alisema kwa fahari, akitabasamu.

"Basi we ni mtu wao."

Akakipiga kibuyu teke. Pombe ikanilowesha miguu, nzito, yenye uvuguvugu. Babu walimpeleka nyuma ya migomba, kisha wakachoma nyumba zote. Kiti chake cha umwami hakijakaliwa tena na mtu.

Leo nina vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi, friji ndogo na kitanda. Vyote nimevinunua mwenyewe. Mtu wa kunywa naye kibuyu kimoja sina.