Sauti ya Chumba cha Tatu

Marehemu mume wangu alisimamia mtihani wa taifa wa kidato cha pili tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikajaa mvi. Wanafunzi walimwita Mzee Paka, kwa kuwa alivaa viatu vya raba na hakuna aliyemsikia akija. Hakuwahi kumnong'oneza mtu jibu, hata mpwa wangu mwenyewe, aliyefeli akaninunia mwaka mzima.

Mwaka huu, wa kwanza tangu tumzike, mwalimu mkuu alinijia asubuhi. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Mama, watahiniwa wa chumba cha tatu wanasema jana mtu alipita nyuma yao akiwanong'oneza. Wanasema ni Mzee Paka. Wakubwa wakisikia, matokeo yatafutwa."

"Yaani mume wangu hakuiba mtihani akiwa hai, aje kuiba akiwa kaburini?"

"Mimi sisemi, mama. Watoto ndio wanasema."

"Aliwanong'oneza nini?"

Alitazama mlangoni kwanza. "Wote wanataja maneno yale yale. 'Geuza karatasi.'"

Maneno hayo mume wangu aliyatangaza chumbani kila mwaka, maana hakosi mtoto anayesahau swali la nyuma ya karatasi.

"Hilo si jibu, mwalimu. Ni tangazo la msimamizi. Msimamizi wa jana hakulitoa?"

"Alisahau, mama."

"Basi leo asisahau. Mwacheni mume wangu alale."