Jino la Kigego

Nilipokuwa mtoto, mama alinikataza kucheka mbele ya wageni. Nilikuwa kigego: meno yangu ya juu yalitangulia ya chini kuota, na kwetu Usukumani mtoto wa namna hiyo alikuwa mkosi. Mama alinificha alivyoweza, lakini bibi mzaa baba hakupitwa na kitu.

"Haya, mlee," alimwambia baba. "Ila meno hayo yakianza kung'oka, kila moja litaondoka na mtu."

Nilisikia. Watu wazima hudhani mtoto ni kiziwi.

Baba alichimba dhahabu kwa Wazungu kule Geita, miaka ile ya Vita vya Pili vya Dunia, nasi tuliishi kambini. Jino langu lilipoanza kutikisika sikumwambia mtu. Niliacha kutafuna michembe, viazi vyetu vile vikavu, nikawa nakunywa uji tu. Baba akiwa shimoni nililishikilia jino kwa ulimi mpaka arudi. Akirudi namwamkia nimebana midomo, "Shikamoo baba," naye anauliza mtoto huyu ananuna nini. Maskini, nilikuwa namlinda.

Likang'oka, nikalimeza. Wiki ile ile surua iliingia kambini, na Masanja, mdogo wangu niliyelala naye mkeka mmoja, akafa. Tuliporudi kutoka kuzika, baba alinifungua mdomo kwa kidole gumba akaliona pengo. Hakunipiga. Heri angenipiga.

"Umemla mwenzio," alisema. Tangu siku hiyo hakula chakula nilichokitenga mimi, hadi anaingia kaburini.

Surua iliua watoto wengi kambini, na wengi wao hawakuwa na dada kigego. Hayo niliyajua ukubwani, wala hayakunisaidia. Nilipomzaa Kabula, nilimnyonyesha nikitazama ukutani. Niliogopa kinywa cha mwanangu mwenyewe.

Mama alipokuja kunitazama aliliona hilo. Nikamuuliza, "Mama, nilimla Masanja?"

Akasema, "Hukumla. Alikufa kwa surua, nilijua siku ile ile. Nilimwogopa baba yako."

Nililia kwa hasira. Miaka yote hiyo, neno moja tu, akaninyima! Lakini alikuwa amelisema, na jioni ile nilimpakata Kabula, nikaingiza kidole kinywani mwake nikapapasa ufizi wote, naye akaning'ata kwa ufizi mtupu.

Nilizaa sita, nikazika mmoja. Jioni ya mazishi niliwaita waliobaki, nikamwambia kila mmoja kwa jina lake: si wewe uliyemuua.

Wa mwisho alinikodolea macho. "Kwani nani alisema ni mimi, mama?"

Nikamwambia hakuna. Aliposhangaa vile ndipo nilipojua kwamba nimewalea.