Mikorosho ya Baba, Ardhi ya Mama

Siku ya kugawana tulikuwa shambani Lionja watu saba: mjomba, kaka wa marehemu mama; mama mdogo, aliyekuja na jembe begani kana kwamba maneno yangekwisha mapema apate kulima; baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, aliyefika jana yake kutoka Nambilanje; jumbe, aliyekalia kisiki; wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike; na mimi. Baba alitangulia kufa, mama akamfuata mwaka wa pili, nami nikaacha shule darasa la tatu ili wadogo zangu wale.

Kwetu Wamwera ardhi hufuata upande wa mama. Shamba lilikuwa la bibi, na baada yake likawa la mjomba, mama mdogo na sisi watoto, kwa pamoja. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya mikorosho. Baba alikuwa mtu wa kuja, Mmakua aliyevuka Ruvuma, na aliipanda katika shamba la wakwe zake nilipokuwa bado natambaa. Hakuna aliyemkataza. Wakati ule mkorosho ulikuwa mti wa kivuli, na mabibo yake ya watoto. Baadaye wenye maduka Nachingwea wakaanza kununua korosho, na kila mtu akakumbuka kuwa ni ndugu yetu.

Korosho zile ndizo zilizomweka mdogo wangu wa kiume shuleni. Mikorosho ikienda, angerudi kushika jembe kama mimi. Sikuwa na jambo jingine kichwani siku ile.

"Ardhi kaeni nayo," alisema baba mdogo. "Mimi nataka miti ya kaka yangu. Tumetoka tumbo moja."

"Ichukue," mjomba akamjibu. "Ing'oe, ujitwishe, uende nayo Nambilanje."

"Shemeji, sikuja kucheka."

"Nami sijacheka. Shamba letu utalipitia wapi kila msimu?"

Jumbe akasema miti ihesabiwe kwanza. Baba mdogo akatangulia, mama mdogo nyuma yake akihakikisha haongezi. Walikwenda vizuri mpaka kwenye mkorosho mkubwa wa karibu na njia ya mtoni. Matawi yake mawili yalikuwa yamelala chini siku nyingi, yakatoa mizizi, kisha yakasimama tena kama miti.

"Hii mitatu," alisema baba mdogo.

"Huu mmoja," alisema mama mdogo. "Umejilaza tu."

"Wenye mizizi yake ni mti."

"Basi nawe ukilala mkono ukashika udongo, chakula tukupakulie mara mbili?"

Hata jumbe alicheka. Baba mdogo hakucheka. Aliniambia nichimbe nionyeshe mizizi, nikachimba, na mizizi ilikuwapo, minene kama kidole gumba. Nilidhani sasa yatakwisha. Lakini mjomba, ambaye tangu asubuhi alikuwa akisema hana haja na miti ya mtu, akasogea akaitazama.

"Hii miwili kaka yako hakuipanda," alisema. "Imepandwa na udongo. Udongo ni wetu. Kwa hiyo ni yangu."

Mambo yakaanza upya. Mama mdogo naye akasema kivuli kinamwulia mihogo, hivyo mikorosho ya upande wake ikatwe, iwe ya nani. Jumbe akatoa ugoro. Sisi watatu tulisimama pale tukisikiliza shamba letu likikatwakatwa. Kwa mama tulikuwa na ardhi isiyo na miti, kwa baba hatukuwa na kitu, maana kwao pia mali huenda kwa ndugu wa tumbo moja, na hakuna aliyetuuliza neno. Mdogo wangu wa kike aliketi chini akalala.

Nilimwomba jumbe ruhusa ya kusema. Nikamwambia baba mdogo kwamba kama angetuachia mikorosho hii, ningempandia mingine idadi hiyo hiyo, katika shamba lake la Nambilanje, na kuitunza.

"Mpaka izae?" aliuliza.

"Mpaka izae."

"Ishirini na tisa."

"Ishirini na saba," alisema mama mdogo.

Nilikuwa nimechoka nao wote. Nikasema ishirini na tisa. Jumbe akaamua hivyo, mama mdogo akaambiwa akalime pasipo na kivuli, na mjomba akapewa ile miwili ya udongo. Nilielewa njiani kurudi nyumbani kwamba nimekubali kulipia kwa baba mdogo miti miwili ambayo mjomba ameichukua. Nilimwambia mjomba. Akasema hayo ni ya upande wa baba yangu, yeye hayamhusu.

Kila mvua zilipoanza, nikishapanda mahindi yetu, nilikwenda Nambilanje. Nilichagua mbegu zinazozama kwenye maji, nikatia tatu kila shimo, nikarudi tena kupalilia. Mwaka wa kwanza mbuzi walikula miche. Mwaka mwingine watu walichoma nyasi kuwinda panya, na moto ukapita safu nzima. Baba mdogo alikuwa akiniangalia ninavyohesabu.

"Iliyokufa siihesabu, mwanangu."

"Mbuzi ni wako, baba."

"Mbuzi hajui deni. Njoo ule kwanza."

Mke wake alinipikia ugali na mlenda, na baba mdogo akaniwekea maji ya kunawa kwa mikono yake mwenyewe. Hakuwahi kunifokea hata siku moja. Ningeweza kumchukia vizuri zaidi kama angenifokea.

Mdogo wangu wa kiume alifaulu darasa la nne akapata nafasi ya kuendelea. Siku alipoleta habari, nilikuwa nachagua mbegu.

"Kaka, si basi?" alisema. "Mimi nimeshapita. Baba mdogo atatufanya nini sasa?"

"Ada ya huko mbele itatoka wapi?"

Aliiangalia mikorosho. Kisha akachutama akanisaidia kuchagua, akitupa zilizoelea. Kule Nambilanje mikorosho ishirini ilikuwa imezaa. Nilifunga mbegu katika kitambaa, nikaondoka alfajiri. Bado nilikuwa nadaiwa tisa.