Niliifuata Sauti ya Mutua Doha

Nilikwenda Doha kunyamazisha sauti ya mdogo wangu, Mutua, ambaye alikuwa amekwisha kufa. Alilala chumbani kwake huko huko, mtaa wa Najma, na hakuamka. Moyo, walisema. Jeneza lilifika kwetu Tala limefungwa, na waliolileta wakatushauri tusilifungue. Tukazika hivyo hivyo.

Majuma machache baadaye jirani alimjia mama mbio, simu mkononi. "Mama Kioko, si huyu ni Mutua?" Lilikuwa tangazo la vifurushi vya kupiga simu kutoka Ghuba. Sauti ilikuwa yake kabisa, na kile kikohozi kidogo alichokohoa kabla ya kusema jambo. "Mama, ni mimi. Leo jioni nakupigia. Usilale."

Mama hakulala. Jeneza halikufunguliwa, na sauti hii hapa, nani angemlaumu? Tangu siku hiyo simu yake ilikaa dirishani kwenye chaji, na aliyeigusa alikemewa. "Iache! Atapiga akute inatumika." Hata msalaba wenye jina la Mutua alikataa usisimikwe kaburini. Msalaba ukabaki kwa fundi, umeegemea ukuta.

Niseme mapema kwamba nami naishi kwa matangazo. Shule niliacha darasa la nane. Pale sokoni Tala nina kipaza sauti kinachorekodi, nami huwatangazia wauza viatu na wauza sufuria. "Mia mbili, mia mbili, chagua mwenyewe!" Kinarudia kutwa nzima huku mimi nakunywa chai. Lakini maneno hayo nimeyasema mimi, viatu vipo, na bei ni hiyo. Mutua alikuwa msomi wa kazi hii, akifanya matangazo ya mitandaoni huko Doha. Walioajiri sauti yake waliifundisha kompyuta kuiiga, na yeye alipokufa kompyuta ikaendelea kumtungia maneno.

Ndani ya ndege kutoka Nairobi, kabla ya kuonyeshwa jinsi ya kujiokoa, tulionyeshwa saa za kununua. Nikajua ninakokwenda.

Doha, alfajiri. Saa ni ileile ya nyumbani, kwa hiyo sikugusa ya mkononi. Joto ndilo lililokuwa la watu wengine. Binamu yetu Mwikali, muuguzi, alinipokea mlangoni pa uwanja wa ndege.

"Kioko! Umekonda kama mti wa bendera."

"Nimefiwa, Mwikali."

"Najua. Ndiyo maana nimepika."

Alikuwa amenitafutia kitanda Najma, kwa madereva Waganda waliofanya kazi usiku na kulala mchana. Chini ya chumba palikuwa na duka la chai ya maziwa. Nilikuwa sijamaliza kikombe changu niliposikia kikohozi. "Mama, ni mimi." Kilitoka kwenye simu ya kijana Mkenya, mlinzi, aliyekaa meza ya pili. Aliisukuma ile picha kwa kidole kama anayefukuza nzi.

"Huyu jamaa ananiudhi! Nikitaka kuona mpira, 'Mama, ni mimi.' Mama yake mwenyewe amechoka naye!"

Wenzake wakacheka. Mimi nikamaliza chai. Kijana hakuwa na kosa. Walikuwa wamemfanya marehemu wetu kuwa kero ya watu walio kwenye mapumziko, na kwa hilo kuna mtu alipandishwa cheo.

Al Sadd, siku iliyofuata. Njiani kila ukuta ulikuwa na skrini, na kila skrini ilikuwa na mtu anayefurahia kitu ambacho hakuna awezaye kukifurahia kiasi hicho. Mwanamke mmoja alikuwa analia machozi kwa sababu ya mashine ya kufulia. Mkubwa wa Mutua kazini, Mkenya aliyetaka nimwite Brayo, alikuwa na mpira wa besiboli mezani ndani ya kikasha cha kioo. Kampuni yake ndiyo iliyoinunulia jezi timu ya besiboli aliyochezea Mutua, jina la kampuni likiwa kubwa kifuani.

"Msee wangu, pole sana. Mutua alikuwa familia hapa."

"Basi mzime."

"Kumzima?" Akatabasamu kama aliyeombwa figo. "Kaka, si unaona? Tumempa uhai. Sauti yake bado inaishi."

"Inaishi wapi? Kwetu inamzuia mama yake kulala."

"Lakini alikubali tuitumie. Na hii kampeni inafanya vizuri, watu wanaguswa. Ijumaa njoo uwanjani. Tunamfanyia heshima ambayo hujawahi kuona."

Nimesikia wauza dawa za panya wakiahidi makubwa, lakini hao angalau panya wao hufa.

Al Thumama, Ijumaa asubuhi, jua likiwa bado linavumilika. Uwanja ulikuwa wa vumbi, na mistari imechorwa kwa unga mweupe. Wengi wa wachezaji walikuwa Wafilipino. Nahodha wao, Jun, fundi wa viyoyozi, alinijia mikono miwili imenyooshwa.

"Karibu, kaka ya Mutua. Kiswahili yangu ni ya Mutua. Kama mbaya, lawama yeye."

Besiboli niliidharau kwa muda mrefu wa asubuhi ile. Wanaume wazima wamesimama juani wakimngoja mmoja wao aupige mpira kwa rungu, na mara nyingi haupigi. Akibahatika, anakimbia kuzunguka uwanja ili afike pale pale alipoanzia. Nikawaza kwamba kwa safari ya namna hiyo nauli yangu ingetosha.

Wapigaji huenda kwa zamu, na zamu haibadiliki. Jun alikuwa akiita majina. Akaita, "Mutua!"

Hakuna aliyeinuka. Mrushaji wa timu pinzani alishika mpira wake akatulia. Jun alingoja, wote wakangoja, kisha refa akanyanyua mkono: ametoka. Jun akaita jina lililofuata.

"Mnafanya nini?" nilimuuliza.

"Zamu yake. Hayupo. Tunahesabiwa kukosa."

"Si mumweke mwingine?"

Alinitazama kama niliyemtukania nyumba. "Mwingine si Mutua. Mpaka msimu iishe, hii zamu yake."

"Na mnashinda?"

"Wapi! Tunapigwa kila Ijumaa."

Zamu ilipozunguka tena, Brayo alikuwa amefika na mpiga picha na spika kubwa. Jun akaita, "Mutua!" Spika ikakohoa. "Mama, ni mimi. Leo nipo uwanjani!"

Jun aliweka rungu chini. Wenzake wakasimama walipokuwa. Refa hakujua anyanyue mkono au asinyanyue.

"Endeleeni, endeleeni!" Brayo akapiga makofi. "Tunarekodi!"

Nilimwendea. Nilikwisha kubonyeza namba ya mama. "Shika. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni kompyuta. Wewe ndiye unayejua kusema na watu."

Mama aliipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Mutua?"

Brayo akafungua mdomo.

"Mutua, baba, ni wewe?"

Mtu yule ambaye alikuwa na neno la kuuzia kila kitu alinirudishia simu, akaketi juu ya spika yake.

"Ni Kioko, Mama."

"Nasikia watu. Yuko hapo?"

"Hayupo, Mama. Ile sauti ni mashine. Mutua hayupo popote."

Akakata.

Siku ya kurudi, Mwikali alinisindikiza. Tangazo lilikuwa limeondolewa; Brayo alinitumia picha ya mikono iliyokunjwa kuomba, hakuandika hata neno. "Wameweka la msichana sasa," Mwikali akasema. "'Baba, ni mimi.'" Sikushangaa. Kazi yetu ya matangazo haivumilii mahali patupu. Ikiona ukuta mtupu, hubandika. Ikikuta dakika tupu, husema. Hata mimi kipaza sauti changu kikinyamaza sokoni, wauzaji huja kuuliza wamenilipia nini. Watu niliowaona wakiweza kuacha pengo likabaki pengo walikuwa wale wapigwaji wa kila Ijumaa, na nilikuwa nimewacheka.

Tala. Nilimkuta mama ameketi, simu iko dirishani kwenye chaji. Hakunisalimu kwanza.

"Umeona nini huko?"

Nikamweleza mchezo wote, rungu na zamu.

"Kila zamu wanamwita?"

"Kila zamu."

"Na wanajua haji?"

"Wanajua haji, Mama. Wanangoja, kisha wanaandikiwa kukosa."

Aliigeukia simu pale dirishani.

"Basi hao wanajua amekufa," akasema.

Akainuka, akaichomoa simu kwenye chaji, akanikabidhi.

"Mpigie fundi. Mwambie alete msalaba."