Chaki ya Fundi Katika Duka la Bunduki

Jumamosi asubuhi, duka limefunguliwa sasa hivi, na Léocadie Nabintu amepiga magoti sakafuni. Mkononi ana kipande cha chaki ya fundi cherehani, ile bapa ya buluu inayochora suruali kabla haijakatwa. Anachora nyumba ya watu asiowajua.

"Hapa kitanda chenu. Hapa korido. Bibi analala wapi?"

Mteja ni bwana mwenye biashara ya kukodisha mahema ya harusi. Amekuja na mkewe, mama yake mzazi na uamuzi wake kichwani: bunduki tatu za kulinda familia siku ya dharura. Bastola moja, bunduki moja ya marisau, na moja ya kuwindia. Ameziona, amezipenda, kilichobaki ni kuanza maombi ya leseni. Sasa anashangaa mbona muuzaji yuko chini anafagia sakafu kwa magoti.

"Bibi analala hapa," anasema mkewe, akionyesha kwa ncha ya kiatu.

Léocadie anachora kitanda cha bibi na kumwomba bibi mwenyewe asimame juu yake. Kisha anamwambia bwana alale. Ndiyo, alale hapo hapo chini, na shati lake jeupe. Bwana anacheka, anamtazama mkewe, haoni msaada, analala.

"Kuna kishindo jikoni," anasema Léocadie. "Amka. Nenda kwenye sefu. Haya, nyoosha mkono."

Bwana anaamka, anayumba kidogo, ananyoosha kidole kuelekea jikoni. Kidole kinamwelekea mama yake kifuani.

Bibi anakitazama kile kidole. "Nilijua tu iko siku utanichoka," anasema, na hapo kila mtu anashika mbavu, bwana mwenye mahema akiwa wa mwisho kucheka.

Wanaondoka na sefu moja, tarehe ya kuanza mafunzo na mpango wa kuomba leseni ya bastola moja tu. Zile mbili zitangoja mpaka bibi ahamishiwe chumba cha upande mwingine. Léocadie anachukua dekio na kuifuta nyumba yao.

"Ukishona nguo unapima mwili," anasema. "Bunduki unapima nyumba. Watu wengi wanaingia hapa wakiwa wamepima hasira yao tu, au hofu yao, na hivyo vitu havina mwisho."

Mama huyu wa Bukavu, mashariki ya Kongo, hakuja Johannesburg kuuza bunduki. Alikuja na mumewe, André, wote wawili mafundi wa nguo, na kwa miaka mingi walishona liputa, yale mavazi ya vitenge ya kina mama wa Kikongo, na suti za harusi katika kibanda cha mtaa wa Yeoville. Duka hili la kusini mwa jiji lilimwita kushona mifuko ya kubebea bunduki na mikanda ya ngozi. Siku moja mwajiri wake alimkuta anamuuliza mteja mahali watoto wake wanapolala, na mteja anajibu kwa adabu. Akamsomesha, akampatia vyeti vinavyotakiwa, akamweka kaunta.

Utaratibu wake ni huo huo kwa tajiri na kwa mlinzi: kwanza sefu iliyofungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa matofali, halafu mafunzo kwa kila mtu mzima atakayeigusa silaha, na bunduki yenyewe mwisho. Akishauri mtu anayeanza, huanza na moja. Anayeishi shambani, mbali na majirani, anaweza kufikiria ya marisau. Ya kuwindia ni ya mwenye kuwinda. "Seti ya msingi ni ile unayoweza kuitunza," anasema. "Nyingine ni mapambo, na mapambo yanaibiwa."

André aliionea haya kazi hii. Kanisani, watu wakimuuliza mkewe, mama Chloé, siku hizi yuko wapi, alikuwa anajibu, "Yuko kwenye mifuko." Léocadie alikuwa anamwacha. Mwanamume akishatunga uongo mzuri kiasi hicho, anasema, unamwachia aufaidi.

Kisha ikaja ile siku ya mwaka jana.

Ilikuwa mchana kweupe, barabara imejaa watu. Vijana wawili waliingia kibandani na bastola, wakachukua mashine ya overloki, simu na vitambaa vya harusi ya mteja. Mmoja alimpiga André begani kwa kitako cha bastola, ingawa André alikuwa amekwisha kuinua mikono. Majirani walisikia, lakini nani angetia mguu.

Bega lilipona. André hakupona. Mtu huyu alikuwa hashoni hata kifungo bila kuimba, tena kwa sauti ambayo Léocadie, kwa mapenzi yote, anaiita "ya mbuzi aliyepata habari njema." Sasa akawa anashona kimya, uso umeelekea mlangoni. Mtu akigonga, mkasi unamtoka mkononi.

Jioni moja akasema neno lake. Chloé, binti yao wa miaka kumi na miwili, alikuwa mezani na daftari zake.

"Mama Chloé, unauzia watu wa mbali usalama, sisi tunalala na kitasa. Nataka tatu. Bastola ya kutembea nayo, ya marisau ya hapa nyumbani, na ya tatu ya akiba, siku wakituanzishia vurugu sisi wageni. Kama haiwezekani, bon, shule ikifunga nampeleka mtoto kwa dada yangu Lubumbashi. Na mimi sirudi."

Chloé anaelewa Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili. "Mimi siendi," alisema, akaenda kujifunika kitandani kwake.

Hapo ndipo Léocadie aliposhikwa pabaya. Wana ukaazi wa kudumu, kwa hiyo mlango wa kuomba leseni uko wazi. Duka liko mkononi mwake. Akisema hapana, anampoteza mume na mtoto. Akisema ndiyo, anaijua nyumba yake.

Nyumba yenyewe ni moja ya zile nyumba kuukuu za mtaa wa Bellevue zilizogawanywa vyumba. Zamani ilikuwa na sebule kubwa. Siku hizi sebule hiyo ni makazi ya familia ya André upande mmoja, na upande wa pili anakaa Mama Biubwa, mjane wa Kizanzibari anayeuza sambusa na vitumbua. Katikati yao kuna ukuta wa plaiwudi, ubao mwembamba tu. Mama Biubwa akipiga chafya, Léocadie hujibu "pole, mama," na wala hainui sauti.

"Sikumbishia," anasimulia. "Hofu yake si ya uongo, bega lake nimelikanda mimi. Nami ninauza bunduki, siwezi kurudi nyumbani nikasema bunduki ni dhambi. Nikamwambia, sawa, Papa Chloé, utapimwa kama wateja wengine."

Jumapili, walipotoka kanisani, walipima chumba chao kwa futi kamba, kisha wakatoka kwenye ua wa saruji nyuma ya nyumba, na Léocadie akakichora kwa ukubwa ule ule. Kitanda chao. Kitanda cha Chloé. Kabati la nguo. Mlango. Alimpa André rula ya mbao ya kukatia suti, akamwambia asimame penye kitanda.

"Mwizi yuko mlangoni. Elekeza."

André akaelekeza.

"Ukimkosa, nyuma ya mlango kuna nini?"

"Korido."

"Ng'ambo ya korido?"

"Choo chetu sote." Akafikiri kidogo. "Sawa, nitasimama kwingine."

Akasimama karibu na dirisha, rula ikaelekea kitanda cha Chloé. Akasimama miguuni mwa kitanda cha Chloé, rula ikaelekea kabatini. Nyuma ya kabati ni plaiwudi. Nyuma ya plaiwudi Léocadie hakuchora kitu.

"Mama Biubwa analala upande gani?" aliuliza.

Hawakujua. Miaka yote ya kuazimana chumvi na kusikiana wakikohoa, hawakuwahi kujua kitanda chake kiko wapi, maana hakuna mgeni anayepita pazia lake la ndani. Léocadie alimpa mumewe futi kamba. Mteja ndiye hupima, alisema, muuzaji huchora tu.

Yaliyotokea huko anayasimulia André mwenyewe, ameketi kwenye cherehani ya mkono waliyobaki nayo, macho kwenye pindo la gauni. Alipiga hodi, akakaribishwa, akakaa, akanywa chai ambayo hakuiomba. Hatimaye akasema shida yake: anaomba kupima kitanda.

"Kitanda changu kimekukosea nini, Baba Chloé?" aliuliza Mama Biubwa.

André akamweleza yote. Vijana wa bastola, Lubumbashi, bunduki tatu, ubao. Mjane huyo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua pazia. Kitanda kilikuwa kimesukumwa hadi kwenye plaiwudi, na mto uko ubaoni kabisa, mkabala wa kabati.

"Nilikihamishia hapo alipofariki mzee wangu," alisema. "Nyumba ilikuwa kimya mno. Jioni ukishona nilikuwa nasikia cherehani, na wewe unaimba. Huimbi vizuri, mwanangu, lakini nilikuwa napata usingizi. Siku hizi huimbi kabisa."

André alianza kuikunja futi kamba.

"Basi," aliendelea Mama Biubwa, "kama hiyo bunduki itawarudishia amani, na mtoto asiende mbali, hebu nishikie huko miguuni tukisogeze. Nitalala kule penye jiko."

André alishika. Anasema alikiinua kitanda kidogo, akakirudisha chini, akakikalia. Machozi yakamtoka.

"Sikulia siku ile waliponipiga," anasema. "Nililia pale. Mama wa watu anatoa mahali pa kichwa chake ili mimi nilale vizuri."

Aliporudi uani alimkuta mkewe bado kapiga magoti na chaki yake. Aliichukua, akachora kitanda upande wa pili wa ubao, na mto, akauchora mto vizuri na pembe zake zote. Kisha akamrudishia rula.

Katika nyumba ile hakuna bunduki. Kuna geti la chuma mlangoni, alilolichomelea kijana wa mtaa huo huo. Kuna mfuko ambao Léocadie ameushona kwa kitambaa kile kile cha mifuko ya dukani, wenye nakala za vibali, tochi, dawa na chupa za maji. Kuna filimbi shingoni mwa Chloé, ambayo tayari imenyang'anywa mara kadhaa kwa kupulizwa bila sababu. Na kuna makubaliano ya ubao: kugonga mara moja ni salama, kugonga mfululizo ni njooni, na wapangaji wote wa korido ile wanajua maana yake.

Hayo hayamtoshi André, na hajifanyi kwamba yanamtosha. Bado anataka silaha, ila siku hizi anasema moja. Ameanza mafunzo, na mwalimu wake anasema anashika bastola kwa uangalifu kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Safari ya Lubumbashi wameiahirisha mpaka shule ifunge Desemba, ndipo wazungumze tena. Chloé ameanza kuhesabu kimya cha baba yake kuhusu safari hiyo kuwa ni dalili njema.

Saa za jioni, kazi imekwisha, Léocadie anamenya viazi na André anamalizia pindo. Ubao unagongwa mara moja. André ananyoosha mkono, anajibu mara moja. Kisha anakohoa, anaanza kuimba kwa sauti ya chini, na Chloé anaziba masikio huku anatabasamu.

Léocadie anaota nyumba ya matofali, hata iwe ndogo, upande wowote wa jiji wenye shule. Huko ndiko bastola ya mumewe itakakopata ukuta wa kufungia sefu. Anaweka akiba, anauliza uliza, na chaki iko tayari kwenye mkoba.

"Tukiipata nitapima upya chumba kwa chumba," anasema, akimtazama mumewe. "Ila kitanda cha Mama Biubwa nitakichora cha kwanza, tena upande wa cherehani."