Kalavati la Juu ya Nyumba Yetu

Mume wangu alifanya kazi ya barabara kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuogopa mvua. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi. Yeye alikuwa mtumishi wa idara ya ujenzi, ngazi ya chini kabisa, mtu wa beleshi na toroli. Alizibua mitaro na makalavati kuanzia mpakani mwa msitu hadi lami inayoteremka Moshi mjini. Wakati wa masika alirudi nyumbani amelowa chapachapa, anakunywa chai ya maziwa akiwa amesimama, kisha anatoka tena.

Kalavati kubwa kuliko yote lilikuwa juu ya nyumba yetu, pale barabara ya vumbi inapokata korongo. Maji ya mvua kutoka juu yalipita humo chini ya barabara, yakashuka korongoni hadi mtoni. Kihamba chetu, yaani shamba la migomba na kahawa alilorithi kwa baba yake, nyumba ikiwa katikati, kiko ukingoni mwa korongo hilo. Chini yetu kidogo alikuwa akiishi shangazi yake, mjane aliyepita miaka themanini.

Siku aliyostaafu alimuuliza mkubwa wake nani angepokea beleshi. Akajibiwa kwamba nafasi hiyo imefutwa, kazi atapewa mkandarasi. Aliporudi aliniambia, "Mwalimu, huyo mkandarasi atajuaje kalavati la kwetu linaziba na majani ya mparachichi?" Nilicheka. Sikuona kwamba yeye hakuwa anatania.

Mkandarasi hatukumwona. Tuliyemwona ni binti wa mapato wa halmashauri, na mashine yake ya risiti mkononi. Nilikuwa nimemfundisha darasa la nne. Alikuwa akisimama nje ya uzio, ananisalimu kwa adabu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeleta nini?"

Kila mara alikuwa na jipya. Ushuru wa ndizi ulipanda, ukapanda tena. Ikaja ada ya mifugo, kwa ng'ombe mmoja wa maziwa anayelala zizini mwaka mzima. Halafu ikaja ada ya taka.

"Taka zipi?" nilimuuliza. "Maganda anakula ng'ombe, majivu naweka kwenye migomba. Umewahi kuona gari la taka likipanda huku?"

Akainamisha kichwa. "Sijaona, mwalimu. Hata kwetu halifiki. Ila mashine imeshaandikwa kila kaya."

Nililipa. Wote tulilipa, tukinung'unika kanisani na dukani. Wakati huohuo zahanati ilianza kufungwa siku mbili kwa wiki kwa sababu muuguzi wa pili alihamishwa na hakuletwa mwingine. Bomba la kijiji likawa linatoa maji Jumatano na Jumamosi, kisha Jumamosi peke yake. Ukiuliza, jibu lilikuwa moja: hakuna fedha.

Ndipo wakubwa wakajenga mnara.

Waliujenga njiapanda, hatua chache juu ya kalavati letu. Ulikuwa mnara wa kukaribisha wageni, wenye umbo la mlima, saruji tupu, kileleni umepakwa rangi nyeupe kuwa theluji. Ulizungushiwa vigae na taa za rangi, na mbele yake palijengwa bwawa dogo la chemchemi. Asubuhi kukiwa hakuna mawingu, mtu akisimama pale anauona mlima wenyewe nyuma ya ule wa saruji. Siku ya uzinduzi yalipanda magari mengi, nikashindwa kuyahesabu, na boza la maji lilikuja kutoka mjini kujaza chemchemi. Watoto wa shule waliimba. Ile chemchemi iliruka mpaka saa nane mchana, boza likaisha, na haijaruka tena hadi leo.

Mume wangu hakwenda kwenye sherehe. Alikuwa korongoni anachungulia. Aliporudi suruali yake ilikuwa imejaa tope jekundu.

"Udongo wote wa msingi wa mnara," alisema, "mashine ya kijiko imeusukumia mdomoni mwa kalavati. Na mawe."

Alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, akaahidiwa. Nikamwandikia mume wangu barua ya kwenda idarani, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, akaipeleka mwenyewe hadi mjini, akagongewa muhuri kwenye nakala. Alirudi mara tatu kuuliza. Mara ya tatu karani alimwambia, bila kuinua macho, kwamba fungu la barabara za ndani limekwisha, asubiri bajeti ijayo.

Hakusubiri. Asubuhi moja alichukua beleshi na mtaimbo, akaanza kuzibua mwenyewe. Siku ya tatu mtendaji alifika na mgambo wawili. Nilikuwa nimempelekea uji, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Mzee, nani amekupa kibali cha kuchimba hifadhi ya barabara?"

"Sichimbi, mwanangu. Nazibua."

"Wewe si mtumishi tena. Likitokea la kutokea hapa, nitawajibu nini wakubwa?"

"Litatokea usiponiacha nizibue," alisema mume wangu. Hakupandisha sauti.

Walimwandikia faini, wakachukua beleshi kuwa kielelezo. Mtu aliyeshika beleshi lile miaka yote kwa amri yao, sasa walimnyang'anya mbele ya wapita njia. Tukarudi nyumbani. Uji niliubeba vilevile ulivyokuwa.

Masika yalipoanza, nililala vizuri siku za mwanzo. Halafu nikaona kwamba mume wangu anakaa barazani kila mvua ikinyesha, shingo ameipinda upande wa juu, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Unasikiliza nini, Baba?"

"Korongo."

"Mbona mimi sisikii kitu?"

"Hicho ndicho ninachosikiliza," alisema.

Nilitega sikio na mimi. Mvua ilikuwa inapiga bati, inapiga majani ya migomba, lakini korongo, ambalo kila masika lilinguruma hadi tukawa tunapaza sauti mezani, lilikuwa kimya. Maji yalikuwa yanakuja kutoka juu na hayakuwa yanapita. Tangu siku ile sikupata tena usingizi wa kweli. Asubuhi nilikuta maji yanachuruzika katikati ya kahawa, mahali ambapo hapajawahi kuwa na chemchemi. Nyuma ya jiko udongo ulikuwa laini, ukikanyaga unabonyea na kurudi.

Jumapili ile mvua ilikuwa haijakatika tangu Ijumaa. Tulitoka misa ya kwanza. Mume wangu alinipita njiani, akaenda moja kwa moja hadi barabarani, na alipokuja nyumbani hakuvua hata koti.

"Juu ya barabara kuna ziwa," alisema. "Linafika kwenye vigae vya mnara. Barabara ndiyo inayolizuia, na barabara inavuja. Tutoke."

"Tukapike kwanza, watu hawajala."

"Mwalimu." Alinishika mkono, jambo ambalo si kawaida yake. "Tutoke sasa."

Nikachukua vyeti vyangu na hati ya kihamba, nikavifunga kwenye nailoni. Yeye alishuka kwa shangazi. Nilipowafikia, bibi yule alikuwa amekaa kitandani ameshikilia ubao wa kitanda.

"Nimezaliwa hapa, nimeolewa nikarudi hapa," alikuwa akisema. "Mvua hii si ya kwanza."

"Shangazi, si mvua. Ni ziwa."

"Na ng'ombe je?"

Mume wangu alimwendea. Alimwinamia, akambeba mgongoni kama mtoto, mimi nikawafuata na mkongojo wake na blanketi. Tulikata kwa pembeni, tukipanda kuelekea kigangoni, kwenye kanisa letu dogo, mbali na korongo. Mimi nilirudi. Sijui nilifikiria nini. Nilitaka kumfungulia ng'ombe kamba. Nilikuwa nimefika kwenye mti wa parachichi niliposikia juu yangu kitu kama lori linalomwaga kokoto, ila halikuacha kumwaga. Nikasimama. Kisha nikageuka, nikakimbia, na umri wangu huu.

Maji hayakufuata korongo. Korongo lilikuwa limejaa udongo wao, kwa hiyo yalichagua njia nyingine, na njia hiyo ilikuwa kihamba chetu. Nikiwa juu ya tuta la kigango niliona migomba ikitembea. Ilikuwa inasogea ikiwa imesimama, mistari mizima, halafu inalala. Zizi lilikwenda na ng'ombe akiwa ndani. Alilia mara moja tu. Jiko likafuata. Nyumba ilibaki, ikiwa na tope hadi madirishani. Ya shangazi haikubaki.

Pembeni mwa kahawa tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza, aliyeishi wiki tano. Kaburi lilikuwa na msalaba mdogo wa saruji alioutengeneza baba yake mwenyewe kwa mkono. Maji yalipopungua jioni, pale palikuwa na mfereji unaomeza mtu hadi kifuani. Mume wangu aliingia ndani ya ule mfereji, akatembea nao wote hadi mtoni, anapapasa. Aliporudi alikuwa hana kitu mkononi, akakaa chini kwenye tope, na mimi nikakaa karibu naye. Hatukulia.

Juu, njiapanda, taa za mnara ziliwaka zenyewe kama kila jioni, nyekundu, kijani, bluu.

Wakubwa walikuja siku ya tatu. Walifunga turubai, wakaweka viti na maji ya chupa, wakapigwa picha wakitazama mfereji. Mmoja wao alimpa pole mume wangu, akasema mvua za siku hizi si za kawaida. Mume wangu alimpa nakala ya barua yetu yenye muhuri. Yule bwana aliisoma yote, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwake. Hatukuwa na nakala nyingine.

Kalavati tulizibua wenyewe, kwa msaragambo, kijiji kizima na majembe, Jumamosi mbili. Safari hii hakuna aliyekuja kuuliza kibali. Nilimwona mtendaji naye amekunja suruali anabeba mawe. Alimletea mume wangu beleshi lake, akalisimamisha ukutani kwetu, na mume wangu akalichukua bila kumtazama.

Baada ya wiki chache binti wa mapato alipita. Kulikuwa na mchango mpya, wa ukarabati wa barabara, kila kaya. Alisimama palepale nje ya uzio, ingawa uzio ulikuwa haupo tena.

"Mwalimu," alisema. Mashine ililia mkononi mwake, ikatoa karatasi, naye akaikunja ndani ya kiganja. Nilimwambia aingie anywe chai.

Hayo ni ya mwaka jana. Barabara ilijazwa kifusi, haikushindiliwa. Nyuma ya nyumba pana ufa sasa, unaanzia chini ya kalavati hadi karibu na tangi la maji. Mwezi uliopita kidole kilikuwa hakiingii, sasa kiganja kinaingia. Binti yetu anaishi Rau, kule mjini, na ana chumba cha ziada. Shangazi, anayelala kwetu tangu siku ile, amekubali kwenda, bila kubisha.

Jumanne nilimwambia mume wangu tuhamie na sisi, mpaka masika yapite. Nilijiandaa kwa mabishano, maana huyu ni mtu ambaye hata hospitali hulala siku moja tu. Alisema, "Sawa, Mwalimu. Nipe siku mbili nivune ndizi."

Jana nilikwenda kumsaidia kubeba. Alikuwa anakata mikungu yote, hata ile ambayo haijakomaa.