Gurudumu la Gari la Baba

Mwezi uliopita, asubuhi moja, nilipita Laurel, mji wa ughaibuni nilikokulia, kumrudishia rafiki sufuria lake, nikaegesha gari chini ya dirisha letu la zamani. Niliposhuka nikajikuta nalitazama gurudumu langu la nyuma. Nikueleze kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa Bibi alipokuja kutoka Moshi kukaa nasi. Kila asubuhi alikaa dirishani na ungo, akichambua mchele wa dukani usio na hata kijiwe kimoja, akimngojea adui. Adui alikuwa mbwa mzee wa jirani wa chini. Maegesho yalijaa magari, lakini yeye alikojolea gurudumu la nyuma la gari la Baba tu.

"Saa moja na nusu," Bibi alitangaza. "Amelimwagilia."

"Mama, ni mbwa tu," Baba alisema.

"Na gari ni lako tu."

Asubuhi moja ungo ulitulia. "Mjukuu wangu, leo hakukojoa. Ameinua mguu mara nne, hata tone. Na kando ya mkia ana uvimbe kama yai la bata. Twende kwa mwenyewe."

Niliona aibu. Nimwambieje mzee wa watu kwamba tunahesabu mikojo ya mbwa wake? Bibi alishafika ngazini.

Jirani alisema uvimbe anaujua, ni choo kigumu, anampa maboga ya kukilainisha. Bibi akatikisa kichwa. "Mwambie si choo, ni mkojo. Beberu wangu alianza hivihivi, hakumaliza siku mbili." Nikatafsiri yote, hata habari za beberu wake.

Kesho yake jirani aligonga, macho mekundu; usiku ule alikuwa amemkimbiza mbwa kwa daktari wa mifugo. Ilikuwa ngiri: misuli ya kando ya njia ya haja kubwa ilikuwa imelegea, kibofu kikateleza humo na kuziba mkojo. Angechelewa kidogo, angempoteza. Daktari alimshona, akamhasi pia ili isirudi. Kwa hilo la mwisho Bibi aliinamisha kichwa kwa heshima.

Mbwa alipotoka tena, alivishwa shingoni kitu kama beseni lililotoboka kitako, asije akalamba mshono. Baba ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kuosha gari. Mbwa akaenda moja kwa moja gurudumuni, akainua mguu polepole. Dirishani Bibi akapiga vigelegele. Baba alibaki na kitambaa mkononi.

Bibi hayupo tena, mbwa hayupo, na dirishani kuna pazia la watu nisiowajua. Nilikaa pale mpaka saa moja na nusu ikapita. Gurudumu lilibaki kavu, na sikuwa na wa kumtangazia.